Harufu ya Klachi

Jumatatu, tarehe 4 Machi

Duniani kuna watu wawili wanaojua kuendesha gari la gia za mkono: mimi, na yule aliyelitengeneza. Na huyo wa pili sina hakika naye. Mimi nikiingia kwenye foleni, foleni yenyewe inajipanga. Nabadili gia abiria ana chai mkononi na tone halimwagiki. Askari wa pale mzunguko mkubwa huwa ananisimamisha bila kosa lolote, anataka kunitazama tu.

Haya, nimeshajisifu, sasa kazi. Daftari hili kanipa fundi. Anasema gari kuukuu ni kama mgonjwa, lazima liwe na cheti chake: niandike kila siku limelia wapi, limenuka nini, limegoma nini, ili siku likilala ajue pa kuanzia. Nikamwambia, "Fundi, mimi shule niliiacha kidato cha pili." Akasema, "Na hilo gari liliacha uzima miaka hiyo hiyo. Mtaelewana."

Gari ni la marehemu mume wa shangazi yangu. Dogo, la bluu, limenizidi umri kwa miaka mitatu. Shangazi ndiye aliyenilea tangu nina miaka sita. Mwaka jana figo zake ziligoma, na sasa kila Jumatatu, Jumatano na Ijumaa nampeleka hospitali ya upande wa pili wa mji akasafishwe damu. Kiti chake ni saa sita mchana, na anakaa kwenye mashine saa nne nzima. Barabara ikiwa tupu ni mwendo wa dakika ishirini na tano. Barabara tupu nimeiona mara moja maishani, siku ya kuhesabu watu.

Gari: halina neno. Mvua imeanza leo.

Jumatano, tarehe 6

Mvua. Tumefika saa sita kasoro dakika nane. Daktari kampimia shangazi vikombe vitatu vya maji kwa siku, basi, maana mwili wake hauna pa kuyatolea. Amekaa dirishani mwa gari anatazama mitaro inavyofurika, anasema, "Maji yote haya ya bure, na mimi nagawiwa kama dawa ya kikohozi." Tukacheka mpaka taa ikawa kijani na watu wa nyuma wakatupigia honi.

Gari: halina neno.

Ijumaa, tarehe 8

Leo nieleze ufundi, maana siku nikiwa mtu mkubwa watu watauliza.

Kuna daraja linalopanda juu ya reli. Mlima wake si mchezo, na foleni inapenda kusimama pale pale katikati ya mlima, kama vile imeambiwa. Madereva wengine wakisimama wanavuta breki ya mkono, wanatoa jasho, wakiondoka gari linarudi nyuma nusu hatua na roho zao zinarudi hatua nzima. Mimi breki ya mkono siigusi. Nakanyaga mafuta kidogo, klachi naiachia nusu, gari linaning'inia lenyewe mlimani kama popo. Haliendi wala halirudi. Naweza kukaa hivyo robo saa huku napiga soga.

Shangazi akauliza, "Mbona linatetemeka?"

"Linafurahi, shangazi."

"Mimi nikitetemeka hivyo wananiitia daktari."

Hapo akatokea Mshale. Mshale ni kijana wa mtaani kwetu, ana pikipiki ya kubeba abiria, anapenya kwenye foleni kama maji kwenye ufa. Akagonga boneti yangu kwa kidole. "Vipi, dereva wa kobe? Shangazi, shikamoo! Panda huku, ufike hospitali kabla huyu hajaingiza gia ya pili!"

Shangazi akacheka, "Marahaba, mwanangu. Siku nyingine." Mimi nikapandisha kioo. Watu wengine hawajui kwamba magurudumu mawili ni nusu ya gari.

Jumapili, tarehe 10

Dada amekuja. Ni binti wa shangazi, kwa hiyo ni binamu yangu, ila ukimwita binamu anakutazama kama umemdai. Anauza dawa dukani, kutwa yuko huko, ndiyo maana kazi ya hospitali ni yangu. Yeye anajua kuendesha yale magari yanayojibadilishia gia yenyewe. Kuendesha gani huko? Huko ni kukaa.

Akazunguka gari, akalipiga teke tairi. "Mama, likianza tu kusumbua nitaliuza. Tutakodi gari la mtu, tutajua moja."

"Na huyu kijana?" shangazi akauliza.

"Huyu atatafuta kazi nyingine."

Kazi nyingine! Kwenye kiwanda cha mbao nilidumu siku tisa. Kwenye ghala la vinywaji siku nne, na hizo nne ni pamoja na ile niliyofukuzwa. Hapa kwenye usukani ndipo mahali pekee duniani ambapo mtu ananiambia, "Asante, umenifikisha." Nikamjibu Dada, "Gari hili halitasumbua mpaka wewe upate wajukuu." Shangazi akakohoa kuficha kicheko.

Jumatatu, tarehe 11

Mvua kubwa. Pale darajani tumekaa dakika arobaini. Kulikuwa na harufu kama ya nywele zilizoungua. Ni lori lililokuwa mbele yetu, malori hayatunzwi.

Gari: halina neno.

Jumatano, tarehe 13

Harufu tena. Lori halikuwepo.

Ijumaa, tarehe 15

Shangazi akanipa mkono wake wa kushoto tukiwa kwenye taa. Pale juu ya kiwiko madaktari walimuunganishia mshipa, ndiko sindano za mashine zinakoingia. Akasema, "Weka kidole." Nikaweka. Unavuma! Unavuma kabisa, kama injini iliyo kwenye gia huru.

"Asubuhi kabla sijafungua macho naugusa," akasema. "Ukivuma, najua bado niko safarini."

Nikaacha kidole pale pale mpaka taa ikawa kijani. Nikasema, "Basi shangazi, mimi nina injini mbili humu."

Amezidi kilo mbili na nusu tangu Jumatano, yaani maji. Muuguzi wake, mama mmoja mnene anayetembea kama ana haraka ya kwenda kugombana, amemgombeza. Shangazi anaapa vikombe vilikuwa vitatu.

Gari: linanuka kidogo likisimama mlimani. Unyevu huo.

Jumatatu, tarehe 18

Leo limefanya jambo. Kupanda daraja nimekanyaga mafuta, injini ikanguruma kama inapanda mbinguni, gari lenyewe likabaki linatambaa. Kelele zinakwenda, sisi tumekaa. Kisha likashika, likaruka mbele, nusura nimbusu mtu wa mbele.

Shangazi alishika dashibodi. Kisha akasema polepole, "Linafanana na mimi nikipanda ngazi."

Jumanne, tarehe 19

Nimekwenda kwa fundi. Gereji yake ni paa la mabati na shimo sakafuni, yeye yuko shimoni siku zote. Tangu nimjue nimemwona miguu mara mbili. Nikamsomea daftari. Akatoka shimoni, akakaa kwenye kiti changu, akaliendesha mpaka mwisho wa barabara na kurudi. Aliporudi alikuwa anafuta mikono, na fundi akifuta mikono bila kusema kitu, jua ni msiba.

"Klachi imekwisha."

"Imekwishaje? Si iliwekwa mpya mwaka juzi?"

"Injinia," ndivyo anavyoniita akitaka kunidharau, "ukiwa kwenye foleni, mguu wako wa kushoto unaukalisha wapi?"

"Unakaa tu."

"Unakaa wapi?"

Nikakaa kwenye usukani nimwonyeshe. Nikautazama mguu wangu kama ndiyo kwanza naonana nao. Ulikuwa umelala juu ya klachi, raha mustarehe, kama paka kwenye mkeka. Na gari lenyewe lilikuwa limezimwa!

"Na mlimani unalishikilia kwa kitu gani? Breki ya mkono?"

Nikaanza kufuta vumbi la dashibodi.

"Unalishikilia kwa klachi," akasema. "Ule unaouita ufundi ndio unaolila. Kila dakika unayojisifu pale darajani, klachi inasagika kama unga. Wewe ndiye mwenye kuliua, kijana, si uzee wala si mvua." Akarudi shimoni. Sauti ikatoka huko chini: "Niletee Jumamosi. Jumapili sifanyi kazi. Jumatatu jioni nakupa."

"Jumatatu nina mgonjwa."

"Jumatatu moja tu, mtafute mtu mwingine amchukue."

Mtu mwingine. Nimesimama pale nikapiga hesabu. Nikimwambia Dada klachi imekwisha, atauliza imekwishaje. Fundi atamwambia, maana fundi mdomo wake haujui kukaa shimoni. Dada atakodi gari Jumatatu, ataona mama yake amefika salama bila mimi, na Jumanne gari litakuwa limeuzwa na mimi niko kiwandani nabeba mbao. Jumatatu moja tu!

Nikamuuliza, "Likiendelea hivi litadumu hadi lini?"

"Linaweza kwenda mwezi. Linaweza lisitoke hapo getini. Klachi haina saa."

Mwezi, amesema. Mvua haimalizi mwezi.

Jumatano, tarehe 20

Nimeulazimisha mguu ukae sakafuni. Nikifika taa ya tatu nautazama, uko juu ya klachi. Sijui umepanda saa ngapi.

Ijumaa, tarehe 22

Siku njema! Foleni nyepesi, darajani tumepita bila kusimama, shangazi kashuka uzito vizuri, akaimba njiani kurudi. Dada akapiga simu usiku, "Gari likoje? Fundi anasemaje?"

"Fundi anasema lina roho ya paka."

"Haya, hongera. Kumbe unaweza."

Kumbe unaweza. Niliitembeza hiyo sentensi kichwani mpaka nikalala.

Jumamosi, tarehe 23

Fundi alikuwa ananingoja leo. Nimepita njia ya sokoni ili asinione.

Jumatatu, tarehe 25

Mvua imeingia kwenye transfoma ya hospitali. Shangazi alikuwa kwenye mashine saa moja na nusu tu, umeme ukakatika, umeme wa jenereta ukapelekwa kwenye vyumba vya upasuaji. Wauguzi wakawa wanazungusha mashine kwa mkono kuwarudishia wagonjwa damu yao. Nimeona kwa macho yangu kupitia mlangoni: wanawake sita wanazungusha vishikio, kama wanasaga kitu kisichosagika.

"Jumatano atafidia," muuguzi mnene akaniambia. "Asile ndizi, zitamsumbua moyo, na asinywe zaidi ya vikombe viwili. Umesikia? Viwili."

Gari: kupanda daraja limeteleza mara tatu.

Jumatano, tarehe 27

Hakuna mashine. Mafuriko yameingiza tope kwenye mitambo ya kusafishia maji ya hospitali, na mashine za damu bila maji safi haziwashwi. Nje maji yanapita mpaka magotini, ndani hakuna maji. Wagonjwa kumi na wanne tumewaona kwenye mabenchi, kila mmoja amekumbatia mkono wake wa mshipa kama mtu aliyebeba mtoto.

Muuguzi akapita na karatasi. "Wote mtaingia Ijumaa. Wewe mama, kiti chako saa nne asubuhi. Sikilizeni vizuri: watu ni wengi, viti vichache. Asiyekuwepo saa yake, nampandisha anayefuata. Sitakuwa na la kufanya."

Akanivuta pembeni. "Kijana, mama yako..."

"Shangazi yangu."

"Ukiona anahema akiwa amekaa tu, au anasema misuli imelegea, usingoje saa nne. Mlete saa yoyote, kwa chochote chenye magurudumu."

Nikasema mimi sijawahi kuchelewa. Akaniangalia kama mtu anayesoma kitu kidogo kilichoandikwa mbali.

Alhamisi, tarehe 28

Shangazi hawezi kulala chali, anasema akilala anazama. Amekesha amekaa kwenye kiti cha sebuleni, mito mitatu mgongoni. Miguu imejaa mpaka viatu vimekataa, amevaa kandambili za marehemu mumewe. Ukimbonyeza muundi, shimo linabaki pale pale linakutazama.

Dada amekuja akiwa bado na koti lake jeupe la dukani. Akamtazama mama yake muda mrefu.

"Kesho nachukua ruhusa. Nakodi gari. Au yule kijana wa pikipiki, yule Mshale, ampeleke haraka."

"Kwenye mvua hii? Pikipiki?" nikasema. "Unataka aanguke? Mimi nampeleka mara tatu kwa wiki tangu mwaka jana, nimewahi kumchelewesha?"

"Gari liko sawa?"

Shangazi alikuwa ananitazama.

"Liko sawa," nikasema.

"Mwache mwanangu anipeleke," shangazi akasema, pumzi ikikata katikati. "Ananijua."

Ijumaa, tarehe 29, saa moja na nusu asubuhi

Mvua haijakatika tangu jana mchana. Nimeshaliwasha, linapata joto. Mguu utakaa sakafuni, nimeapa.

Jumapili, tarehe 31

Niandike ilivyokuwa, fundi alisema niandike.

Tulitoka saa mbili kasoro robo, dakika ishirini na tano za barabara tukiwa tumezipa saa mbili na zaidi. Nani angesema hazitoshi? Barabara ya chini ya reli ilikuwa imefungwa kwa maji, kwa hiyo mji mzima ulikuwa unapanda daraja. Mistari mitatu ya magari kwenye barabara ya mistari miwili. Waipa ya upande wangu inafuta, ya upande wa shangazi inasogeza maji tu kutoka hapa kwenda pale.

Tulisogea gari moja, tukasimama. Gari moja, tukasimama. Gia ya kwanza, klachi, breki. Gia ya kwanza, klachi, breki. Nilihesabu mara mia moja na kumi nikaacha. Mguu wangu kila nikiutazama uko juu ya klachi, nikiushusha unapanda. Shangazi alikuwa anahema kwa mdomo. Nikamwambia, "Shangazi, nihesabie magari mekundu." Akahesabu matatu, akasema, "Baba, ya rangi zote naona kijivu."

Saa tatu na nusu hivi tulikuwa chini ya mlima wa daraja. Mshale alipita pale na pikipiki yake, akapiga honi, akaenda zake.

Tukaanza kupanda. Katikati ya mlima foleni ikasimama kabisa. Basi moja lilikuwa limezimika juu kileleni, tukaambiwa na watu waliokuwa wanashuka kwa miguu. Safari hii nilivuta breki ya mkono. Nilivuta kwa mikono miwili! Nikakaa na miguu yangu yote sakafuni kama mtoto wa shule. Lakini harufu ilikuwa imeshajaa ndani ya gari. Nikafungua kioo, mvua ikaingia, nikafunga. Shangazi akasema, "Linaungua." Nikasema, "Si sisi." Akasema, "Ni sisi."

Saa nne kasoro dakika tano magari ya mbele yakasogea. Nikatia gia ya kwanza, nikaachia klachi, nikakanyaga mafuta. Injini ikalia. Gari halikusogea. Nikakanyaga mpaka chini. Injini ikalia kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia, na moshi mweupe ukatoka chini ya miguu yangu, na gari likaanza kurudi nyuma. Honi. Nikashika breki. Nikatia gia ya pili, ya tatu, ya nyuma, zote zinaingia laini kama kisu kwenye siagi na hakuna iliyoshika kitu. Mtu wa nyuma akashuka ananitukana, akamwona shangazi, akaacha kutukana.

Walikuja watu wanne wakalisukuma pembeni. Nikambeba shangazi mgongoni. Hakuwa mzito, pamoja na yale maji yote yaliyokuwa ndani yake, hakuwa mzito. Nilipanda naye mpaka kileleni nikipita kati ya magari, kandambili moja ikaanguka, sikurudi kuiokota. Alikuwa anasema kitu sikioni mwangu, sikusikia kwa mvua. Ng'ambo ya pili mwenye gari la kubeba mikate akatufungulia mlango wa nyuma.

Tulifika saa tano na dakika arobaini. Kiti chake kilikuwa na mtu, mzee mmoja, amefumba macho, damu yake inazunguka. Muuguzi alipotuona alikuja mbio. Alimshika shangazi mkono wa mshipa kwanza, kisha akapiga kelele waletewe kitanda. Moyo wa shangazi ulisimama mara mbili kwenye korido kabla hawajampatia mashine. Mara mbili wakaurudisha.

Jana alifungua macho. Anasema maneno mawili mawili. Dada alikuwa amesimama upande wa pili wa kitanda, hajaniangalia tangu Ijumaa. Akamuuliza mama yake ilikuwaje. Shangazi akasema, "Usimlaumu. Hapakuwa... na njia nyingine."

Nimemwambia Dada yote ya klachi. Mguu, fundi, Jumamosi niliyopita njia ya sokoni. Nilidhani atanipiga. Alikaa tu kwenye benchi, akasema, "Kwa nini hukuniambia?" Nikasema, "Ungeliuza." Akasema, "Ningeliuza, ndiyo. Na wewe ungebaki nyumbani kwa mama, kama siku zote."

Jumanne, tarehe 2 Aprili

Shangazi amefariki saa tisa alasiri. Mshipa wa mkononi nimeugusa. Umenyamaza.

Ijumaa, tarehe 5 Aprili

Tulimzika juzi. Leo watu wamepungua nyumbani. Mshale amekuja, amekaa na mimi nje ukutani, hana utani. Akanishika bega akasema, "Usijile, ndugu yangu. Angalau pale kwenye foleni alipata usingizi kidogo."

Akaaga akaondoka. Mimi nikaja kuchukua daftari. Sitampelekea fundi. Gari limeshavutwa, wala sijauliza limekwenda wapi.

Niliandika kwamba Mshale alipiga honi akaenda zake. Niliandika uongo, na nimewaachia watu wote waamini uongo huo, Dada pia, hata siku nilipojidai namwambia yote.

Alisimama. Chini ya mlima, kabla hatujaanza kupanda, alisimama ubavuni mwetu akagonga kioo cha upande wangu. Maji yanamtiririka kofiani. Alikuwa na koti la pili la mvua mkononi, ameshalikunjua. "Nimesikia habari ya shangazi," akasema. "Juu kumekwama basi, hamtoki hapa saa mbili hizi. Nipe mgonjwa. Namfunga na mimi kwa kanga, nakwenda taratibu. Dakika kumi yuko kitandani." Nikatazama saa ya gari. Saa tatu na dakika ishirini na nane.

Nilifungua kioo upana wa vidole viwili. Nikamwambia kwa sauti ya chini, "Amelala. Usimwamshe, ndiyo kwanza amepata usingizi. Tunafika sasa hivi."

Mshale akachungulia, kioo kilikuwa kimejaa ukungu, hakuona kitu. Akasema, "Una hakika?" Nikasema, "Nenda bwana, unamletea mvua." Akaenda.

Shangazi hakuwa amelala. Alikuwa amesikia kila neno. Alikuwa ameshafungua mkanda, mkoba uko begani, mkono wake mzima uko kwenye kishikio cha mlango. Nilipogeuka alikuwa ananitazama, hakuwa na hasira, alinitazama kama zamani, nilipokuwa mdogo nikianguka na yeye akingoja aone kama nitalia. Nikaangalia mbele. Nilitaka nimfikishe mimi.

Nikasikia mkoba unarudi miguuni. Kisha akauvuta mkanda, ukagoma, akauvuta tena polepole, akaufunga. Akapumzika kwanza kabla ya kusema.

"Haya, baba. Twende."